Samaki Naye Hufa Maji

Samaki naye hufa maji. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tumekua tukiamini kwamba samaki akishatiwa majini basi kazi imekwisha, yuko kwao. Mtu ananunua sato hai mwaloni, anamtumbukiza kwenye ndoo, anabana kifuniko, anaifunga ndoo nyuma ya bodaboda. Akifika nyumbani anafunua: sato kalala ubavu, mdomo wazi, amekufa. Na ndoo imejaa maji mpaka ukingoni.

Alichokosa ni hewa. Samaki anahitaji oksijeni kama sisi tunavyoihitaji, ila yeye anaichuja kutoka kwenye maji kwa matamvua yake, zile nyama nyekundu zilizojificha chini ya mashavu. Na maji ni maskini sana wa oksijeni. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni miligramu 270 hivi. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20, hata uyachape namna gani, hushika miligramu 9 na ushei tu. Yakipanda nyuzi 25 hushika 8.3; yakifika 30 hayavuki 7.6. Na hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko juu mita 1,134, hewa ya huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo toa tena kama sehemu moja ya nane.

Leo, msikilizaji, nataka tulizungumzie tangi la samaki hai linalojengwa ndani ya boti. Kwetu halijazoeleka sana. Wavuvi wetu wana barafu, wana ngama ya kufua, na samaki akipanda chomboni safari yake ya uhai imekwisha. Lakini siku hizi vizimba vya sato vimejaa ziwani, kuna watu wanasafirisha vifaranga, kuna wateja wanaotaka samaki anayetapatapa, na kuna wanaovua kwa chambo hai. Wote hao wana tangi, hata kama tangi lenyewe ni dumu lililokatwa juu. Na waliolisumbukia jambo hili kuliko watu wote ni wavuvi wa mashindano wa Marekani, kwa sababu ya samaki mmoja anayeitwa bass.

Bass ni samaki wa maji baridi, mwindaji, mdomo mkubwa, mgomvi akinaswa. Ndugu zetu wa Kenya wanamfahamu, maana aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili watu wapate wa kumvua kwa starehe. Kwao Marekani, mwuza bima mmoja wa Montgomery, Alabama, aliyeitwa Ray Scott, aliitisha mashindano ya kumvua mwaka 1967 katika ziwa la Beaver Lake, jimbo la Arkansas. Walifika wavuvi 106, kila mmoja akatoa dola 100. Enzi hizo mashindano ya namna hiyo yalikuwa ya mitungo: samaki ametobolewa mdomo, amepitishwa kamba, anaburuzwa kando ya boti siku nzima, na mezani pa mizani anafika mzoga. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mashindano yanamaliza samaki. Scott alikuwa mfanyabiashara, akaona mbali. Mwaka 1972 akaanzisha kampeni ya kutowaua samaki wanaovuliwa: samaki aletwe hai, apimwe, arudishwe ziwani, na anayeleta walio hai aongezewe uzito kidogo. Leo kwenye mashindano makubwa mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili, yaani ukileta aliyekufa unakatwa uzito.

Hapo ndipo tangi likawa na thamani ya fedha. Mimi siamini sana kwamba huruma ndiyo iliyolitengeneza. Mtu anayeweza kupoteza zawadi kwa sababu ya gramu chache atajifunza mambo ya oksijeni kwa kasi ambayo bwana samaki yeyote angeionea wivu.

Sasa tuingie ndani ya tangi lenyewe. Chukua tangi la lita 100. Mshindani anaruhusiwa samaki watano, tuseme kila mmoja ana kilo moja na nusu, jumla kilo saba na nusu. Maji yana nyuzi 28. Tangi zima, likiwa limejaa hewa barabara, lina oksijeni isiyofika gramu moja, kama miligramu 780. Samaki aliyetoka kupigana na mshipi kwenye maji ya joto anaweza kutumia miligramu 200 hadi 400 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa moja. Piga hesabu mwenyewe: pampu ikizimwa, akiba yote ni ya nusu saa hivi, na kwa samaki waliochoka vibaya ni robo saa tu. Na hawasubiri iishe kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita bass anaanza kuteseka. Ikikaribia 2 anaanza kufa. Ni daladala la saa nane mchana lililofungwa madirisha yote, abiria wamebanana, dereva kashuka kunywa chai.

Kwa hiyo pampu ndiyo roho ya tangi. Ziko za aina mbili kwa kawaida. Moja inavuta maji mapya kutoka ziwani, nyingine inavuta maji ya chini ya tangi lenyewe na kuyarusha tena juu kwa kishindo ili yachanganyike na hewa. Boti nzuri ina zote mbili, na ina swichi ya kuziwasha kwa vipindi ili betri isichoke. Swichi hiyo ya vipindi imeua samaki wengi kuliko ndoana. Asubuhi, samaki mmoja tangini, maji baridi, dakika tatu za pampu na dakika tano za kupumzika zinatosha. Saa saba mchana, samaki watano, jua la utosi, hazitoshi kabisa, lakini mwenye boti anakuwa ameshasahau swichi iko wapi. Ushauri wa wataalamu kama Gene Gilliland na Harold Schramm, walioandika mwongozo wa washindani hao, ni kuiacha pampu ifanye kazi bila kusimama kuanzia samaki wa kwanza. Betri inanunuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu halijui mpaka limfike. Mdomo wa pampu ya kuvuta maji ya ziwa uko nyuma, tezini, chini kidogo ya usawa wa maji. Boti hizi zinakimbia, nyingine zinapita kilomita 100 kwa saa. Boti ikishika kasi, omo linanyanyuka, tumbo linateleza juu ya maji, na ule mdomo wa pampu unabaki hewani. Injini inanguruma, mwenye boti anadhani maji yanaingia, kumbe pampu inazunguka bure. Akikimbia hivyo nusu saa kurudi mizanini, na tangi lake halina pampu ya kuzungusha maji ya ndani, atafika na aibu. Wenye uzoefu husimamisha boti njiani, wakafunua, wakasikiliza. Pampu inayosukuma maji ina sauti nzito. Inayofyonza hewa inalia kwa sauti nyembamba, unaitambua mara moja.

Na akishafunua, atazame kabla ya kugusa. Samaki mzima anakaa chini, wima, mgongo juu, mashavu yanafunguka na kufunga kwa utaratibu, na ukisogeza kivuli chako juu yake anashtuka. Samaki aliyezidiwa anapanda. Anakuja juu kabisa, anabandika mdomo kwenye ngozi ya maji, anameza. Mfa maji haachi kutapatapa. Pale juu maji yamegusana na hewa, ndipo oksijeni ilipobaki, na yeye anajua. Baadaye anapauka rangi, anapoteza mizani, analala ubavu, anajirudisha, analala tena. Angalia pia mapezi na tumbo: mabaka mekundu si dalili njema. Angalia povu. Povu jeupe lisilopasuka juu ya maji lina maana ya ute na uchafu mwingi, na dawa yake ni kuyabadilisha maji, si kuyachapa zaidi.

Uchafu mkubwa kuliko wote hauonekani. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua hayo hayo anayovutia oksijeni, kila dakika, na ndani ya tangi lililofungwa haina pa kwenda. Bass naye ana tabia ya kutapika alichokula asubuhi. Ndiyo maana wauzaji wetu wa vifaranga huwanyima chakula siku moja kabla ya safari, tumbo litoke tupu. Mfuko wa vifaranga unatiwa maji kama theluthi, sehemu iliyobaki inajazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, unafungwa kwa mpira. Ni tangi la samaki hai lililo kamili, bila pampu, bila betri. Wakifika bwawani, mfuko unaachwa uelee juu ya maji robo saa hadi nusu saa bila kufunguliwa, joto la ndani lilingane na la nje. Wengi huruka hatua hiyo kwa haraka ya kutaka kuona vifaranga wakiogelea, na kesho yake wanapiga simu kumlaumu muuzaji.

Joto. Hapa ndipo penye ugomvi. Samaki hana joto lake mwenyewe, anafuata maji, na maji yakipanda nyuzi kumi matumizi yake ya oksijeni huongezeka kama maradufu. Wakati huo huo maji yenyewe yanashika oksijeni kidogo zaidi. Anahitaji zaidi, kilichopo ni pungufu. Ndiyo maana washindani hubeba barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka kwenye lita 100 inashusha joto kwa kama nyuzi 0.8. Kwa hiyo chupa mbili za lita mbili zilizogandishwa zinashusha nyuzi tatu hivi, na hapo panatosha. Ukishusha sana unampa samaki mshtuko mara mbili, wa kuingia kwenye baridi na wa kurudi ziwani kwenye joto. Na barafu ibaki ndani ya chupa, kwa sababu barafu ya maji ya bomba ina klorini, na klorini inaunguza matamvua. Hilo lina maana pia kwamba tangi halijazwi kwa mpira wa bustanini. Maji ya kunywa ni salama kwako, kwa samaki ni sumu.

Kuna wanaosema tangi lifunguliwe kifuniko basi, upepo uingie. Kufungua mara kwa mara ni vyema, maana hewa iliyonaswa chini ya kifuniko inakuwa moto na chafu, na pampu ikiwa inachapa maji kwa hewa hiyo hiyo haileti kitu. Lakini kuliacha wazi juani ni kuyapika maji. Bora matundu ya kupitishia hewa na kifuniko cheupe.

Chumvi sasa. Mtu akisikia kwamba samaki wa maji baridi anatiliwa chumvi anacheka. Damu ya samaki huyo ina chumvi kuliko ziwa analoishi, kwa hiyo maji yanamwingia saa zote kupitia matamvua na chumvi inamtoka. Akiwa mzima anamudu, figo zake zinafanya kazi ya kutoa maji na matamvua yanadaka chumvi. Akichoshwa na mshipi, mlango huo wa matamvua unalegea na anamwaga chumvi kwa wingi. Ukiweka gramu 3 kwa kila lita, yaani gramu 300 kwenye tangi letu, unampunguzia tofauti hiyo, anapata nafasi ya kupumua. Wengi hupendelea chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto. Dawa za rangi ya buluu zinazouzwa kwa ajili ya matangi nyingi zina chumvi ndani yake pamoja na vikorokoro vingine, na bei inakuwa ya vikorokoro.

Wengine siku hizi wanafunga mtungi wa oksijeni safi kwenye boti. Inafanya kazi, hasa kwenye joto kali, lakini ni chombo cha kuheshimiwa. Oksijeni safi karibu na mafuta ya petroli na sigara ni moto unaosubiri.

Sasa nifike kwenye bondo, na hapa watu wa kanda ya ziwa tegeni sikio. Mnalijua bondo: lile puto la ndani ya sangara, linalokaushwa na kusafirishwa mpaka China, ambalo kwa uzito wake lina bei kuliko minofu. Wengi wanaolikata kila siku hawajajiuliza linamfanyia nini mwenyewe. Linamsaidia kuelea. Samaki hulijaza gesi kwa kadiri ya kina anachokaa, asipande wala asizame. Akivutwa haraka kutoka chini, mkandamizo wa maji unapungua na gesi inatanuka. Kila mita kumi za maji ni mkandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo samaki aliyetoka mita kumi anafika juu bondo likitaka kuwa mara mbili ya lilivyokuwa. Sangara na bass wote wawili hawana mrija wa kuitolea gesi hiyo kinywani. Inabidi inyonywe polepole na damu. Mnaona sangara anayefika na mfuko wa chakula umejitokeza mdomoni na tumbo limevimba: ndiyo hiyo.

Bass wa namna hiyo akitiwa tangini anageuka tumbo juu. Pampu yaweza kuwa nzuri, maji baridi, chumvi ipo, na bado atakufa, kwa sababu anapigana na mwili wake mwenyewe ashuke na hashuki. Wavuvi wanaotoa samaki kwenye kina cha mita nane au tisa kwenda chini hujifunza kulitoboa bondo kwa sindano nyembamba, ubavuni, chini ya gamba, wakiwa wamemshika samaki ndani ya maji, mpaka viputo vitoke na samaki ajiweke sawa. Ikifanywa na anayejua, samaki anapona. Ikifanywa na anayebahatisha, sindano inaingia kwenye ini au figo.

Jambo hili si geni. Waingereza walikuwa na mashua za tangi tangu mwaka 1712, zilizoanzia bandari ya Harwich. Katikati ya chombo walijenga chumba chenye kuta mbili zisizovuja, kisha wakakitoboa sakafu matundu mengi, maji ya bahari yakawa yanaingia na kutoka mashua ikiyumba. Pampu yao ilikuwa wimbi. Walikuwa wanaleta samaki aina ya kodi kutoka Bahari ya Kaskazini, hai, kwa ajili ya meza za London. Na kodi wa kina kirefu walimtoboa bondo kwa sindano kabla ya kumtia ndani, asije akaelea juu akafa. Hakuna aliyewafundisha juu ya mkandamizo. Walikuwa wanahesabu mizoga asubuhi.

Mikono nayo. Ule utelezi wa samaki unaokuudhi jikoni ni ngozi yake ya nje ya kinga. Ukimshika kwa mkono mkavu, ukimlaza kwenye zulia la boti lililochomwa na jua, ukimwopoa kwa wavu wa nailoni wenye mafundo, unamvua. Hafi palepale. Ukungu na vidudu vinaingia pale palipochubuka, na anafia ziwani siku kadhaa baadaye mtu asione. Wavu wa mpira usio na mafundo, mkono uliolowa, na samaki mzito asininginizwe kwa taya bila kushikwa tumbo.

Katika mashindano kuna mahali pabaya zaidi kuliko tangi: foleni ya mizani. Mvuvi amewatunza samaki wake saa nane, anawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye lita chache za maji, anapanga mstari, mbele yake kuna mtu anapigwa picha na mwingine anahojiwa na mtangazaji. Sisi watangazaji tuna dhambi zetu. Ndani ya mfuko ule oksijeni inaisha kwa dakika chache sana. Waandaaji makini huweka mabirika yenye maji yanayopulizwa hewa kando ya foleni, mifuko ina matundu, inatumbukizwa humo mpaka zamu ifike.

Na bado wengine hufa. Watafiti wamechukua samaki walioachiwa baada ya kupimwa, wakawaweka kwenye vizuizi ziwani siku kadhaa, wakawahesabu. Katika maji ya joto, sehemu ya samaki walioondoka wakipiga mkia wanakutwa wamekufa siku za mbele. Kwa hiyo ile namba ya kujivunia, kwamba karibu wote walirudishwa hai, ni namba ya saa ile ya mizani tu. Mimi naona hapo ndipo ukweli ulipo: tangi zuri linanunua muda, haliponyi. Ligi moja ya huko, Major League Fishing, imeona hivyo hivyo kwa njia yake. Katika mashindano yao ya Bass Pro Tour, yaliyoanza mwaka 2019, mwamuzi anakaa ndani ya boti, samaki anapimwa akitoka majini na kurudishwa papo hapo. Tangi linakaa tupu. Watazamaji wa jukwaani wamepoteza ile raha ya kuona samaki wakubwa wakiinuliwa, na wapo wanaolalamika kweli.

Nirudi nyumbani, kwa kambale. Wanaovua sangara kwa migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, wanajua kwamba sangara anapenda chambo kinachocheza. Kwa hiyo kambale wadogo wananunuliwa kwa kuhesabiwa, wanakaa kwenye ndoo kwa wingi unaoshangaza, maji machafu yenye rangi ya chai ya maziwa, hakuna pampu, hakuna barafu, na asubuhi wako hai. Kila kitu nilichosema tangu nianze wanakifanyia dhihaka. Sababu ni kwamba kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua yake, kinachomwezesha kuvuta hewa hii hii yetu. Ukikaa karibu na ndoo utamwona: anapanda, anagusa juu, anameza, anashuka, na mwenzake anafuata. Hata kwenye ndoana anaendelea kujipinda usiku kucha.

Shida ni kwamba kambale anatufundisha vibaya. Mtu aliyezoea ndoo ya kambale anadhani amejua kutunza samaki. Anamtia sato humo humo, sato anavumilia kidogo maana naye si dhaifu, kisha anakufa. Akijaribu sangara, hamalizi hata safari. Tena hata kambale ana sharti lake: ndoo isijazwe mpaka juu na kufunikwa kwa kubana. Katika maji mabovu, ukimziba njia ya kuja juu umemnyonga. Acha nafasi ya hewa, toboa kifuniko, kaa kivulini.

Nimebakiwa na jambo moja, na kwangu ni zito kuliko pampu zote. Maji ya tangi yakishamaliza kazi yanamwagwa wapi? Sangara hakuzaliwa Ziwa Victoria. Alitolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akasafirishwa hai na kutiwa kwetu. Watu fulani walifanikiwa kumweka samaki hai kwenye maji ya kubebwa kwa safari nzima, na kwa sababu walifanikiwa, furu wa aina zinazohesabiwa kwa mamia wakaliwa, viwanda vya minofu vikajengwa, na miji ya kando ya ziwa ikabadilika. Wapo waliotajirika na wapo waliopoteza. Sitaki kufungua kesi hiyo leo. Nasema tu kwamba chombo cha kubebea samaki hai si chombo kidogo.

Marekani wameonja upande wao. Kome mdogo mwenye milia, mzaliwa wa pande za Bahari Nyeusi na Kaspi, aligunduliwa katika Maziwa Makuu ya huko mwaka 1988, na tangu hapo boti zimemsambaza kutoka ziwa hadi ziwa, maana mtoto wake ni mdogo asiyeonekana kwa macho na anaishi vizuri ndani ya maji yaliyobaki tangini. Katika jimbo la Minnesota sheria inamtaka mwenye boti amwage maji yote, ya tangi la samaki yakiwemo, achomoe vizibo, na asafiri vikiwa vimechomolewa.

Kwetu boti haisafiri sana kutoka ziwa hadi ziwa, lakini ndoo ya chambo inapanda basi. Kambale wanatoka kwenye mabwawa na mito mbalimbali, wanafika mwaloni na maji yao, na maji yana mayai, magonjwa na vipande vya magugu. Hayo maji yamwagwe nchi kavu, juu kabisa ya ukingo, yaingie mchangani. Na chambo kilichobaki, kama kimetoka mto mwingine, kisitupwe ziwani kwa huruma. Kambale mdogo, akioshwa vizuri kwa chumvi na ndimu, anakaangika.